Manyoya Juu ya Jiko

Mama mkwe wangu alininusa mdomo mbele ya wageni. Hivyo ndivyo ugonjwa wangu ulivyotangazwa.

Wazee walikuwa wamekuja kuzungumza mahari ya wifi yangu, nami kama mke wa nyumba ile niliitwa kumimina chai. Birika likaanza kucheza mkononi. Kikombe kikalia juu ya kisahani, chai ikatapakaa kwenye kitambaa cheupe cha meza, kitambaa cha mama mkwe cha siku kubwa, na iliyobaki ikamwagikia mapaja ya mzee mmoja. Mzee akaruka kama kijana. Mama mkwe hakupiga kelele. Alinishika kidevu, akasogeza pua, akavuta hewa, kisha akawaambia wageni, "Hajanywa." Akanigeukia mimi. "Sasa ni nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Leo nikisimulia nacheka, ila siku ile nilikimbilia nyuma ya zizi nikalia, mkono wa kushoto umeushika wa kulia, na yote miwili inatetemeka.

Kama na wewe mkono umeanza kukusaliti, na watu wamekwisha kukupa jina la mlevi, vuta kigoda ukae. Sina udaktari wowote. Nina hadithi ya mikono yangu tu, na mikono hiyo ndiyo inayoandika haya.

Naitwa Ghati. Nimeolewa Nyangoto, kijiji ambacho asubuhi unausikia mgodi mkubwa kabla hujamsikia jogoo. Kazi yangu wengi hawaielewi, kwa hiyo niieleze kabisa tumalize. Ninafunga chambo cha kuvulia kwa manyoya. Nilijifunza kwa shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kwenye karakana wanakofunga vyambo vya kuuzia wazungu wanaovua kwa kujifurahisha. Viko vya kuiga mbu na panzi, hivyo mimi sivipendi. Mimi nafunga vile virefu kama kidole, vya kuiga samaki mdogo. Wanunuzi wanaviita strima. Mimi naviita dagaa.

Unabana ndoano kwenye jiriwa ndogo, ile ya kushikia vitu visicheze. Unazungusha uzi. Unachagua manyoya ya shingo ya jogoo yanayolingana, unayalaza juu ya ndoano migongo ikitazamana, unayakaza, unamalizia kichwa kwa uzi mwembamba na kukipaka rangi ya kucha. Ukikivuta chambo majini, manyoya yanajikunja na kujikunjua, na sangara anayejiona mjanja anakuja mwenyewe. Siri yote iko kwenye uzi. Usipoukaza, manyoya yanazunguka ovyo. Ukiukaza kupita kiasi, unakatika. Kwa hiyo mkono wa mfungaji ni lazima utulie.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu watu walisema nimekuja na uchawi. Manyoya, uzi mwekundu na ndoano ndani ya kopo moja! Mchungaji alikuja kuangalia. Nikamfungia dagaa mmoja mbele ya macho yake, nikamvuta kwenye beseni la maji. Mchungaji akaniomba amvute na yeye. Kuanzia hapo waliokuwa wakinisema wakaanza kuniletea jogoo wao.

Jambo moja ulishike. Unyoya mkavu ni mkaidi, unasimama unavyotaka. Shangazi alinifundisha kulamba gumba na kidole cha shahada, kisha kuupitisha unyoya katikati. Unalala kama mtoto aliyeshiba. Unalamba, unavuta, unafunga. Unyoya mmoja baada ya mwingine, siku nzima. Nilikuwa nafanya hivyo bila kujua kwamba nafanya.

Na jambo la pili. Adui wa manyoya ni nondo na mende. Kwetu mbegu ya mahindi hutundikwa juu ya jiko, moshi uilinde na dumuzi. Bibi yangu alifanya hivyo, na bibi yake pia. Basi na mimi nikazitundika ngozi zangu za shingo za jogoo, zikiwa na manyoya yake, kwenye kamba ileile ya mbegu. Nondo walikoma. Tena moshi ukayapa manyoya meupe rangi fulani nzuri, kama chai yenye maziwa mengi, na mnunuzi wangu akaipenda kuliko zote. Huyo mnunuzi ni Mama Akinyi, Mjaluo wa upande wa Kenya, anayepita na begi lake kukusanya vyambo na kuvipeleka Kisumu. Alisema wateja wake wanaulizia rangi hiyo tu. Nilijiona nina akili kuliko kijiji kizima.

Ndipo ikaja rashi. Kwetu rashi ni pale dhahabu inapoonekana mahali na watu wakaacha majembe wakimbilie huko. Ilikuwa shambani kwa jirani zetu, upande wa Kewanja. Walimu wa shule waliomba ruhusa. Mafundi waliacha nyumba za watu bila paa. Mume wangu, Marwa, ambaye namwita Baba Nyangi kwa jina la binti yetu, naye akaingia duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia. Simlaumu. Dhahabu ikiwa chini ya mguu wako utalala saa ngapi?

Mchanga wenye dhahabu ukishasafishwa unachanganywa na zebaki, unapata kidonge cheupe. Ukikichoma, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Sasa, dhahabu haichomwi hadharani watu wakakuona. Baba Nyangi alikuwa anachomea jikoni kwangu, mlango umefungwa, kwenye kikaango cha zamani. Akimaliza anaondoka. Mimi nabaki na jiko langu, na kamba yangu juu ya jiko. Binti yetu, Mungu ni mwema, alikuwa analala na kula kwa bibi yake.

Baada ya ile chai ya aibu nilianza kuugua waziwazi. Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu, kana kwamba nimelala na shilingi chini ya ulimi. Fizi zikatoka damu. Nywele zikabaki kwenye kitana. Gauni la kanisani likawa linanizunguka. Na hasira! Nilimrushia Baba Nyangi mwiko kwa sababu alipiga chafya. Halafu nikalia kwa sababu mwiko ulikuwa mzuri na umevunjika. Watu wakija nilijificha chumbani, mimi Ghati, ambaye nilizoea kuwasimamisha watu njiani niwape habari.

Kilichoniuma kuliko vyote ni uzi. Ulikuwa unanikatikia kila ninapofika kichwani mwa dagaa. Nilijilazimisha, nikamaliza mzigo, Mama Akinyi akaja. Huyu mama ana kipimo chake. Anashika chambo, anavuta manyoya kwa nguvu. Yakitoka, hanunui. Siku hiyo alivuta cha kwanza, yakatoka. Cha pili, yakatoka. Akaacha kuvuta.

"Ghati, hii si mkono yako," aliniambia. "Nani amekufungia hizi vitu?"

"Ni mimi."

"Wacha mchezo, dada."

Nikanyoosha mikono yangu mbele yake aione. Aliitazama, akaishika yote miwili. Kisha akarudisha mzigo wangu mezani taratibu, kama anarudisha nguo za marehemu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Njaa sikuiogopa, shamba lipo. Niliogopa kubaki mtu wa kukaa tu. Kila mtu ana kitu kinachomfanya awe yeye, na mimi changu kilikuwa kwenye vidole hivi. Vikiondoka, aliyebaki ni nani?

Nikaanza safari ya mabenchi. Zahanati walipima malaria, hakuna. Walipima taifodi, wakasema ipo kidogo. Taifodi ya kwetu haikosi kuwepo kidogo. Nikanywa dawa, nikatetemeka vilevile. Mama mkwe akataka achinjwe mbuzi, wazee waulizwe nimekosea wapi. Nikakubali, maana mbuzi alikuwa wake. Nyama ilikuwa tamu, na mimi nikala kwa mikono miwili ili isidondoke.

Mwisho Baba Nyangi akanipeleka hospitali Tarime mjini. Tulikwenda na kurudi mara nyingi katika mvua zile za vuli. Pale nje ya chumba cha daktari kuna benchi refu, na kwenye benchi mnajuana. Mnaambizana nani ametangulia, mnalindiana nafasi. Siku moja nilikuwa na kiu, nimeshika kikombe cha maji, na kila nikikipeleka mdomoni maji yanaishia kifuani. Mama mmoja wa ushungi, muuza vitenge sokoni, aliyekuwa anaumwa mgongo, akakichukua kikombe, akaninywesha, akanifuta kidevu kwa ncha ya mtandio wake. Hakuuliza chochote. Aliendelea na habari zake za mgongo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiugua utakutana na watu wa namna hiyo, na utawakumbuka kuliko dawa.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye maswali ya pembeni. Alinipa karatasi nichore duara. Nilichora kitu kama kisamvu.

"Mumeo anafanya kazi gani?"

"Anachimba."

"Anachomea wapi dhahabu?"

Nikamtazama Baba Nyangi. Baba Nyangi akatazama kofia yake.

"Jikoni kwangu," nikasema.

Dada akaweka kalamu chini. "Basi sasa tumeanza kuelewana."

Mkojo wangu ukatiwa kwenye chupa, ukapelekwa mbali. Tulikaa tukisubiri mpaka maharage yakatoa maua. Majibu yalipokuja yalikuwa yaleyale aliyodhani, zebaki imejaa mwilini. Dawa zikaagizwa Mwanza, vidonge vya kumeza kwa mizunguko, unakunywa kisha unapumzika, na masharti yalikuwa makali. Nitoke kwenye ile nyumba. Jiko lile lisipikiwe tena. Na dhahabu isichomwe nyumbani, si leo si kesho.

Nikaenda kwa dada yangu Wegesa, kule Manchira wilayani Serengeti, karibu na bwawa wanalotegemea watu wa Mugumu kwa maji. Kule hakuna duara wala karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kuna ng'ombe, upepo, na Wegesa mwenyewe, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

Vidonge vile vinanuka yai viza. Na wewe unanuka, jasho lako, shuka lako, kila kitu. Mama mkwe alikuja kunitembelea, akasimama mlangoni, nikamwona pua inacheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akasogea, akaninusa tena. "Sasa afadhali ile pombe."

Tulicheka mpaka Wegesa akaja kuuliza kuna nini. Nadhani ndiyo siku tulipoanza kupendana, mimi na yule mama.

Wegesa alikuwa na kipimo chake. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananipa sindano na uzi. "Tunga." Wiki za mwanzo nilikuwa nachoma hewa. Anachukua sindano, anasema, "Jumapili ijayo," kisha anakwenda kupakua chakula. Hakunionea huruma hata kidogo, na nilimhitaji awe hivyo. Ladha ya sarafu ikapungua. Ugali ukarudi kuwa ugali. Kiangazi kilipokauka kabisa, bwawa limeshuka na matope yamepasuka pembeni, Jumapili moja uzi ukapita kwenye tundu la sindano. Nilipiga kigelegele peke yangu. Wegesa akasema, "Haya, nishonee basi hilo pindo la sketi." Na nikashona.

Nikarudi Nyangoto kifua mbele.

Baba Nyangi alikuwa amefanya kazi. Alivunja jiko la zamani, akaondoa udongo wa sakafu, akajenga jiko jipya upande mwingine wa uwanja. Dhahabu alikuwa anachomea mbali huko mwaloni, wanakooshea mchanga, tena anakoga na kubadili nguo kabla ya kurudi. Akanishika mkono akaniingiza chumbani, akainama, akavuta gunia kutoka uvunguni mwa kitanda.

"Manyoya yako," alisema. "Nimeyatoa kwanza kabla sijagusa ukuta. Haujapotea hata mmoja."

Nilimkumbatia mchana kweupe, na kwetu hilo si jambo dogo. Kulikuwa na ngozi zangu zote za miaka yote, zile nyeupe zenye rangi ya moshi, na juu kabisa ya jogoo mmoja niliyemwita Mwenyekiti kwa jinsi alivyokuwa akitembea. Manyoya marefu, membamba, yanayong'aa. Nilikuwa nayatunza kwa ajili ya kazi maalumu. Kesho yake nilibana ndoano, nikalamba vidole, nikaanza.

Siku za kwanza nilikuwa malkia. Dagaa walikuwa wanatoka wamenyooka. Nikampigia Mama Akinyi kwamba nimerudi kazini.

Kisha asubuhi moja nikaamka na shilingi chini ya ulimi.

Nilijidanganya kwamba ni njaa. Fizi zikaanza. Uzi ukakatika kichwani mwa dagaa, pale pale unapokatikaga. Nikakaa nikiutazama uzi ule, na hasira iliyonipanda ilikuwa na jina la mtu.

"Unachomea hapa!" nilimwambia Baba Nyangi alipoingia. "Nikilala unachoma!"

"Ghati, sijachoma."

"Umechoma wapi? Nyuma ya choo? Kwa mama yako?"

"Naapa kwa mtoto wetu."

"Usiape kwa Nyangi! Apa kwa dhahabu yako!"

Mama mkwe akatoka. Akasimama katikati yetu akasema mwanawe hajachoma, yeye angesikia harufu. Nikamwambia zebaki haina harufu, mama, pua yako haiwezi kila kitu. Hilo halisemwi kwa mkwe. Nililisema. Baba Nyangi alikaa juu ya jiwe uwanjani, mikono yake mikubwa imening'inia, akaniangalia nikikusanya nguo zangu. Nilikusanya na jiriwa. Na gunia la manyoya, maana nilishaapa kwamba mali yangu haitabaki kwenye nyumba ile.

Manchira hakuna dhahabu. Hilo lilikuwa tegemeo langu lote. Nitakaa kwa Wegesa, nitafunga dagaa wangu, mkono utatulia, na kila mtu ataona nani mwongo.

Mkono haukutulia. Ukazidi. Nilikaa kwenye baraza ya dada yangu, upepo wa bwawa unanipiga usoni, hewa safi mpaka inauma, na vidole vinaruka kama vya mtu anayepepeta mchele. Meno mawili yakalegea. Vidonge vya mzunguko wa pili vilikuwa bado kufika. Nilianza kuwaza kwamba dawa zimeshindwa, kwamba ndivyo nitakavyokuwa, mtu wa kunyweshwa maji mpaka nife. Sijawahi kuwa mtu wa kukata tamaa, lakini siku zile nilikata.

Ni Wegesa aliyeona, na aliona kwa kuudhika. Alikuwa anachambua maharage mbele yangu, akanipiga kofi mkononi.

"Acha kulamba vidole! Tangu asubuhi unalamba tu kama mtoto aliyeiba sukari."

"Ndiyo kazi ilivyo. Unyoya mkavu haulali."

"Unalamba nini sasa? Manyoya yenyewe yalikuwa yananing'inia kwenye moshi wa..."

Hakumaliza. Na mimi sikusubiri amalize. Nilikuwa nimeshika unyoya wa Mwenyekiti, na vidole viwili vilikuwa bado na mate. Niliuangalia ule unyoya, ile rangi nzuri ya chai yenye maziwa, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza ni moshi gani ulioipaka. Msimu mzima jiko limechomewa dhahabu, na kamba yangu iko juu yake.

Nikampigia daktari. Nikamweleza, kamba, mbegu, gunia, vidole.

"Dada Ghati," akasema, "unayalamba?"

"Siku nzima."

"Toka hapo ulipo. Nawa mikono kwa sabuni. Halafu usiyachome, unanisikia? Usiyachome, na usiyaoshe bwawani."

Baba Nyangi alikuja na pikipiki ya kukodi siku iliyofuata. Sikumwita. Wegesa ndiye aliyempigia. Nilikuwa nimejiandaa maneno, ila nilipomwona anavua kofia nilisema moja tu: "Baba Nyangi, nilikuonea."

"Ulikuwa unaumwa," akajibu. Kisha akaongeza, "Lakini lile la mama utalimaliza mwenyewe."

Tulitafuta mahali pakavu, mbali na bwawa, mbali na shamba, pasipopita ng'ombe. Gunia lilikwisha kufungwa ndani ya mifuko ya plastiki kama alivyoagiza daktari. Mimi nilikaa mbali, upande unakotoka upepo. Baba Nyangi alijifunga kitambaa puani akaanza kuchimba. Nimemwona akichimba maisha yangu yote ya ndoa, na siku zote ni kwa ajili ya kutoa kitu ardhini. Siku ile alikuwa anachimba ili kuweka. Alikwenda chini sana, mpaka nikaona kofia tu, kisha sikuona kofia. Alipotoka akaniuliza kwa ishara kama nataka kuangalia mara ya mwisho.

Nilitikisa kichwa kukataa. Mle ndani kulikuwa na miaka yangu yote ya kuchagua, jogoo kwa jogoo, na ile rangi ambayo mtu mwingine hakuwa nayo kuanzia hapa hadi Kisumu. Nitasema ukweli, nililia kuliko nilivyolia kwa ajili ya meno. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya mifuko, ulikuwa na sauti ndogo ya kawaida kabisa. Na mbegu zetu za mahindi za kamba ileile, alizokuja nazo Baba Nyangi, tulizizika pamoja nayo.

Mzunguko wa pili wa dawa niliunywa masika yote. Nilinuka yai viza, nikakonda, nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Jino moja likatoka, jingine likabaki. Sindano ya Wegesa ikapita Jumapili moja, ikakataa mbili, ikapita tena. Kama uko hapo sasa, kwenye kupita na kukataa, usiihesabu ile iliyokataa. Mahindi yalipobeba nilirudi nyumbani.

Kwa mama mkwe nilikwenda na sukari na sabuni, nikapiga goti. Akaniacha pale chini kwa muda, ili nijue. Kisha akasema, "Inuka, magoti yako yenyewe siku hizi ni mifupa." Akatandika meza, maana nilikuwa mgeni. Na kitambaa kilikuwa kilekile cha siku kubwa, kilichomwagikiwa chai. Katikati kilikuwa na doa kubwa, la rangi ya hudhurungi nyepesi.

"Nimekifua kwa kila sabuni," alisema. "Chai ya mkono wako haitoki."

Nililitazama lile doa mpaka akaniuliza kama nimeshikwa tena. Ile rangi nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeizika Manchira.

"Mama," nikamwambia, "una jogoo mweupe?"

Alikuwa naye. Alikuwa amemweka kwa ajili ya wageni wa harusi ya wifi. Alininung'unikia mpaka jioni, kisha akamchinja, tukamla, akaniletea ngozi ya shingo mwenyewe. Kabla ya kunipa aliinusa pande zote mbili.

"Inanuka kuku," akasema. "Chukua."

Nilimwambia tena zebaki haina harufu, safari hii kwa adabu. Akasema anajua. Mpaka leo hakuna unyoya unaoingia nyumbani kwangu kabla haujapita puani mwake, nami nimemwacha na cheo chake.

Nilichemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi, nikayaacha yapoe, nikazamisha manyoya. Ya kwanza yalitoka kama kutu. Ya pili mepesi mno. Nilirudiarudia, mama mkwe analalamika majani yake yanakwisha, mpaka yakatoka yale. Nikayakausha kivulini, kisha nikayaweka kwenye kopo lenye mfuniko, si juu ya jiko la mtu yeyote. Kando ya jiriwa nikaweka kikombe cha maji. Unachovya vidole kwenye maji, huvichovyi mdomoni. Siku za mwanzo nilijifunga leso mdomoni kama mtu wa karasha, maana vidole vilikuwa vinapanda vyenyewe. Nao mkono nikaufundisha kuegemea. Nauegemeza kwenye ukingo wa meza, nafunga taratibu, na pale kichwani nashusha pumzi kwanza. Uzi ulikatika. Ulikatika tena. Kisha kwa dagaa mmoja haukukatika.

Mama Akinyi alikuja mvua zikianza upya. Nilimwekea mzigo mezani, mdogo. Akachukua dagaa wa kwanza, akavuta. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni na kitambaa chake cha meza mapajani, akasogeza kigoda. Mama Akinyi akavuta tena, kwa nguvu ambayo sijawahi kumwona akiitumia. Akachukua wa pili. Akachukua wa katikati, akidhani nimepanga wazuri juu. Mwisho ndoano ikamchoma kidole, akapiga ukelele, akanyonya damu.

"Na hii rangi umetoa wapi? Ulisema umezika."

"Ni chai."

"Chai gani?"

"Ya majani."

Akamwinua dagaa kwenye mwanga wa mlango, akamgeuza huku na huku. "Ghati," akasema, "hii ni mkono yako."

Nikainuka nikaenda kuleta birika, maana mgeni alikuwa bado hajapewa kitu. Mama mkwe akatandika kitambaa chake cheupe, nami nikaweka vikombe viwili juu yake, kimoja cha Mama Akinyi na kimoja cha mkwe wangu. Mkono bado una mtetemo kidogo, nadhani tutazeeka nao. Niliegemeza kiwiko mezani, nikashusha pumzi, nikamimina cha kwanza. Nikamimina cha pili. Vikombe havikulia.

Mama mkwe alikitazama kitambaa chake chote, pembe kwa pembe, kisha akavuta kikombe karibu. "Ongeza," akasema. "Hujajaza."